Kabla hujahubiri tanuru ya moto, msome kwanza nabii Uria

Kisima cha Malkiya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika mada ya kuteswa kwa ajili ya imani, makanisani kwetu tunafungua Danieli. Sura ya 3, vijana watatu na tanuru. Sura ya 6, Danieli na simba. Mhubiri anamalizia kwa kusema simama imara, utatoka bila hata harufu ya moto nguoni. Watu wanaitika amina, wanarudi makwao. Baadaye mmoja wao anasimama imara kweli, kazini au nyumbani kwao, na anaungua. Kazi inakwenda, ndugu wanamsusa, ndoa inavunjika. Na linaloniuma zaidi ni linalofuata: walewale walioitika amina wanaanza kunong'ona kwamba huyu atakuwa na dhambi iliyofichika, maana angekuwa safi Mungu angemtoa.

Maandiko ya Kiebrania hayasemi hivyo. Nawaletea mtu ambaye sijawahi kumsikia akihubiriwa mimbarini. Anaitwa Uria. Si yule Mhiti, mume wa Bathsheba. Huyu ni nabii Uria mwana wa Shemaya, mtu wa Kiriath-yearimu, na habari zake zote zimo katika mistari minne tu, Yeremia 26:20-23.

Tuanze na mazingira. Ni mwanzo wa utawala wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, yaani mwaka 609 K.K. au baada yake kidogo. Yeremia anasimama kwenye ua wa hekalu na kusema jambo lisilovumilika: msipobadilika, nyumba hii itakuwa kama Shilo. Shilo palikuwa patakatifu pa zamani, pakawa magofu. Makuhani na manabii wanamkamata papo hapo wakisema lazima afe. Angalieni waliomshika. Si Wababeli wala si waabudu Baali. Ni makuhani wa hekalu la Mungu wake mwenyewe, wakiwa kazini.

Yeremia anaponea chupuchupu. Wazee wanakumbusha kwamba Mika alisema maneno kama hayo siku za Hezekia na mfalme hakumuua, bali alitubu. Zaidi ya hapo, Yeremia ana mtu mkubwa nyuma yake, Ahikamu mwana wa Shafani, wa familia ya waandishi wa jumba la kifalme. Mstari wa mwisho wa sura unasema wazi kwamba mkono wa Ahikamu ulikuwa pamoja naye asitiwe mikononi mwa watu auawe.

Katikati ya hapo ndipo mwandishi anapoingiza habari za Uria. Anasema huyu naye alitabiri kwa jina la Bwana, na ujumbe wake ulilingana na maneno yote ya Yeremia. Mfalme akataka kumuua. Uria akasikia, akaogopa, akakimbilia Misri. Mfalme akamtuma Elnathani mwana wa Akbori na watu wengine wakamfuate hukohuko. Wakamrudisha, mfalme akamuua kwa upanga, na mzoga wake ukatupwa kwenye makaburi ya watu wasio na cheo.

Kwa nini Misri ilimtoa kirahisi vile? Soma 2 Wafalme 23. Aliyemweka Yehoyakimu kwenye kiti cha enzi ni Farao Neko, ambaye pia aliitoza nchi ya Yuda talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu. Uria alikimbilia nchi ambayo mkuu wake ndiye aliyemtawaza mtu aliyekuwa anamtafuta. Hakuwa na bahati, hakuwa na Ahikamu, na malaika hakushuka.

Ujumbe mmoja, mfalme mmoja. Mmoja akaishi, mwingine akauawa. Na mwandishi hatumii hata neno moja kumlaumu aliyeuawa. Ndiyo maana nasema tusipomsoma Uria tutaihubiri vibaya tanuru ya moto.

Karibuni.

Mwana wa Ukerewe

Mkuu, uzi mzuri, lakini hapo kwa Uria naona umepita haraka. Andiko linasema aliogopa, akakimbia. Yeremia hakukimbia. Alisimama mbele ya wakuu akawaambia, mimi nipo mikononi mwenu, nitendeeni mnavyoona ni vema. Huoni kwamba tofauti yao ilikuwa hiyo? Aliyesimama Mungu akamlinda, aliyekimbia akamwacha.

Kisima cha Malkiya

Mwana wa Ukerewe, nashukuru umeligusa hilo, kwa sababu ndivyo wengi wanavyolitafsiri wakikutana na mistari hii. Mimi siwezi kulikubali, na sababu zangu zinatoka katika vitabu vilevile.

Eliya alikimbia. 1 Wafalme 19: Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu, alimtumia ujumbe kwamba kesho saa kama hii atakuwa maiti, naye akaondoka kuiokoa roho yake mpaka Beer-sheba, kusini kabisa. Akamwacha mtumishi wake pale, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti akaomba afe. Huyu ndiye aliyekuwa Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali. Mungu alimfanya nini? Alimlisha. Mkate na maji, mara mbili, na usingizi katikati. Hakukemewa kwa kukimbia. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, akiwa ameshakula na kufika Horebu.

Yeremia mwenyewe alijificha. Sura ya 36, baada ya Baruki, mwandishi wa Yeremia, kusoma gombo hekaluni, wakuu walimwambia: nendeni mkajifiche, wewe na Yeremia, mtu asijue mlipo. Wakajificha, na mwandishi anasema Bwana aliwaficha. Kama kujificha ni usaliti, Mungu alishirikije?

Halafu yupo ambaye hakukimbia hata hatua moja na bado akauawa. 2 Nyakati 24, Zekaria mwana wa kuhani Yehoyada. Alisimama mbele ya watu akawaambia mmemwacha Bwana, naye amewaacha ninyi. Wakampiga mawe ndani ya ua wa nyumba ya Bwana, kwa amri ya mfalme Yoashi. Na huyu Yoashi aliokolewa akiwa mtoto mchanga kutoka mikononi mwa malkia Athalia, akafichwa hekaluni miaka 6, na aliyemtawaza alikuwa Yehoyada, baba wa huyo aliyepigwa mawe! Maneno ya mwisho ya Zekaria ni kumwomba Bwana ayaangalie hayo na kuyalipiza. Nayo pia hayakuandikwa kama kosa.

Sasa turudi Danieli 3. Nebukadreza anawauliza vijana: ni Mungu gani atakayewaokoa na mikono yangu? Mfalme anataka yawe mashindano ya nguvu. Wakitoka wazima, Mungu wao ni mkubwa. Wakiungua, mfalme ndiye mkubwa. Wao wanalikataa shindano lenyewe. Wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wanaongeza: "Bali kama si hivyo", ujue ya kuwa hatutaitumikia miungu yako. Hayo waliyasema kabla hawajajua watatoka. Ukiondoa maneno hayo, vijana wale wanabaki kuwa watu waliopiga hesabu ikawatokea vizuri.

Na wapo waliotokewa na hiyo "kama si hivyo". Zaburi 44 ni wimbo wao. Inasema haya yote yametupata, na hatukukusahau. Kwa ajili yako tunauawa mchana kutwa. Halafu inamwambia Mungu aamke, mbona amelala. Watu wa Mungu waliuimba huo wimbo katika ibada, na hakuna aliyesimama kusema mtunzi amekosa imani.

Mkatoliki wa Peramiho

Naomba nichangie kutoka upande wetu. Katika Biblia yetu Wakatoliki kuna vitabu viwili vya Wamakabayo. Najua havimo katika orodha ya Kiyahudi ya Maandiko na ndugu zetu Waprotestanti hawavitumii, lakini vinasimulia Wayahudi walewale na dhiki ya kweli iliyowapata.

Antioko wa nne, aliyejiita Epifane, mfalme wa Kigiriki wa Shamu aliyeitawala pia Yudea, alitawala tangu 175 mpaka 164 K.K. Mwaka 167 K.K. alipiga marufuku tohara, Sabato na kushika Torati. Aliyekutwa na kitabu cha Torati aliuawa na kitabu kikachomwa. Hekaluni Yerusalemu madhabahu ya Zeu, mungu wa Wagiriki, ikawekwa juu ya madhabahu ya Bwana.

Sura ya 6 ya kitabu cha pili inamsimulia mzee Eleazari, mwandishi wa sheria mwenye miaka 90. Walimfungua mdomo kwa nguvu ili ale nyama ya nguruwe, akaitema. Wale waliosimamia zoezi walikuwa wamefahamiana naye siku nyingi. Wakamvuta pembeni, wakamwambia: mzee, lete nyama yako mwenyewe iliyo halali kwako, uile hapa mbele ya watu, ionekane kama umekula hii ya mfalme, uokoke. Hawakuwa wabaya, walimhurumia kweli.

Akakataa. Sababu aliyotoa ndiyo inayonigusa kila nikiisoma. Hakusema nyama ile ingemtia unajisi, maana isingekuwa nguruwe. Alisema vijana wengi wangedhani Eleazari, akiwa na miaka 90, ameiacha dini yake, nao wangepotea kwa sababu ya udanganyifu wake na kwa ajili ya siku chache alizobakiza duniani. Akapigwa mpaka akafa. Aliwafikiria wale waliokuwa wanamtazama.

Mwalimu wa Zamu

Kuongezea hapo: wataalamu wengi wa Biblia wanaona kwamba kitabu cha Danieli, kwa sura tuliyo nacho leo, kilikamilishwa siku hizohizo za Antioko, kati ya 167 na 164 K.K., ingawa hadithi za mwanzo zinaweza kuwa za zamani zaidi. Katika Biblia ya Kiebrania hakimo kati ya Manabii, kimo kati ya Maandiko mengine, na sehemu kubwa, tangu 2:4 mpaka mwisho wa sura ya 7, ni Kiaramu.

Mkisoma hivyo, tanuru na simba vinakuwa na uzito mwingine. Wasomaji wa kwanza wangekuwa watu ambao jirani zao walikuwa wameuawa wiki iliyopita. Na kitabu kinawajua watu hao: 11:33 inasema wenye hekima kati ya watu wataanguka kwa upanga na kwa moto, kwa kufungwa na kutekwa nyara. Moto uleule ambao katika sura ya 3 haukuunguza unywele, katika sura ya 11 unaua. Ndipo sura ya 12 inapozungumza juu ya walalao mavumbini kuamka, kauli iliyo wazi kuliko zote juu ya ufufuo katika Maandiko ya Kiebrania.

Mwana wa Ukerewe

Mwalimu, hapo kwenye tarehe mimi sitakufuata. Naamini Danieli aliandika mwenyewe huko Babeli na alioneshwa mambo ya Antioko kabla hayajatokea. Lakini hiyo hoja ya moto wa sura ya 3 na moto wa sura ya 11 naichukua, maana inasimama hata kwa anayeamini kama mimi.

Mvuvi wa Pangani

Assalaam aleikum wana uzi. Mimi ni Muislamu na nimefuatilia kwa makini, kwa sababu jambo hili kwetu lina mlango wake. Makka, katika siku za mwanzo, Ammar bin Yasir aliteswa pamoja na wazazi wake. Mama yake, Sumayya, aliuawa kwa kuikataa shirki (kumshirikisha Mungu na wengine), na baba yake Yasir naye akafa katika mateso hayo. Ammar akazidiwa, akatamka walichotaka atamke, kisha akaja kwa Mtume (s.a.w.) analia. Wafasiri wa Qur'ani wanaihusisha habari yake na aya ya 106 ya Suratun Nahl, inayomtoa katika lawama yule aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani.

Kwa hiyo kwetu Sumayya ni shahidi mwenye daraja kubwa, na mwanawe hakuhukumiwa. Nauliza: katika vitabu vya Mayahudi upo mlango kama huo, au ni Eleazari peke yake?

Kisima cha Malkiya

Waaleikum salaam, shekhe. Swali lako linastahili jibu refu kidogo.

Upo. Na unaonekana katika watu watatu wanaosemwa kwa nadra.

Wa kwanza Obadia, 1 Wafalme 18. Alikuwa msimamizi wa jumba la Ahabu. Kila siku alikuwa anaingia na kutoka katika nyumba ya Yezebeli, mwanamke aliyekuwa anawaua manabii wa Bwana. Wakati huohuo alikuwa amewaficha manabii 100, hamsini hamsini katika pango, akiwalisha chakula na maji. Fikirini kazi hiyo ilivyokuwa katika njaa ya miaka ile, mfalme mwenyewe akitafuta majani ya kuwalisha farasi na nyumbu wasife. Mikate ya watu 100 kila siku ilitoka wapi bila mtu wa jikoni kuhoji? Ni mtu mwenye funguo za ghala tu angeweza. Obadia angesimama hadharani na kumkemea Ahabu kama Eliya, kesho yake manabii 100 wangekufa njaa. Andiko linasema alimcha Bwana sana, na linasema hivyo akiwa bado na kazi yake ikulu.

Wa pili Naamani, 2 Wafalme 5. Huyu, jemadari wa Shamu, hakuteswa, lakini tatizo lake linafanana. Ameponywa ukoma, ameamua hatatoa sadaka kwa mungu mwingine ila Bwana, anaomba udongo wa Israeli mzigo wa nyumbu wawili aende nao. Kisha anamwambia Elisha: bwana wangu mfalme akiingia nyumba ya mungu Rimoni kuabudu, huwa anaegemea mkono wangu, nami lazima niiname. Bwana anisamehe kwa neno hili. Elisha angeweza kumpa hotuba. Alimwambia nenda kwa amani.

Wa tatu ni Esta. Mordekai, jamaa yake aliyemlea, alimwagiza asitaje kabila wala jamaa yake, akanyamaza, akaolewa na Ahasuero, mfalme wa Uajemi, akaishi jumba la mfalme bila mtu kujua kuwa ni Myahudi. Mordekai huyohuyo baadaye anakataa kumwinamia Hamani, mkuu wa maofisa wa mfalme, hadharani. Ndani ya nyumba moja, mmoja kajificha na mwingine kasimama! Halafu siku inafika ambapo kuendelea kunyamaza kungekuwa kuwaacha watu wake wauawe katika majimbo 127, ndipo anasema, "nami nikiangamia, na niangamie".

Ukiniuliza nini kinamtenganisha Obadia na Eleazari, nitajibu kwa kumtazama anayefaidika au kupotea. Kunyamaza kwa Obadia kuliwalisha watu. Kujifanya kwa Eleazari kungewapotosha watu. Hofu pia ilikuwepo. Obadia alitetemeka mbele ya Eliya, akamwambia mara tatu kwamba Ahabu ataniua.

Wayahudi wa baadaye waliliwekea sheria. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, marabi hao waliamua kwamba mtu akilazimishwa kuvunja amri ili asiuawe, avunje aishi, kwa sababu Walawi 18:5 inasema mtu ataishi kwa hizo amri, haisemi atakufa kwa hizo. Wakayatenga mambo matatu ambayo ni heri kufa kuliko kuyatenda: kuabudu sanamu, uzinzi wa haramu na kumuua mtu. Lakini wakaongeza kwamba wakati wa dhiki kubwa, mtawala anapotaka kuing'oa dini yenyewe, hata jambo dogo kama desturi ya kufunga kamba za viatu mtu asikubali. Unaona wanavyotambua kwamba kitendo kilekile hubadilika uzito kulingana na anayekidai na anachokitaka.

Tausi wa Tarime

Wakuu, nimesoma mpaka hapa nikapata ujasiri wa kuuliza langu. Mimi ni Msabato, nipo chuo. Ratiba ya mitihani imetoka na somo moja limewekwa Jumamosi asubuhi. Nimemwendea mhusika wa kwanza, akaniambia kama nataka dini nikasome seminari. Wazazi wanasema fanya mtihani, Mungu anaelewa. Rafiki zangu wa kanisani wanasema nikisimama imara mtihani utaahirishwa, ni lazima. Sasa nikisoma habari za Uria naogopa. Na usipoahirishwa?

Kisima cha Malkiya

Dada Tausi, pole. Kwanza nisikudanganye kama rafiki zako. Huenda usiahirishwe. Usiingie ukiwa umeweka dau kwamba Mungu lazima afanye hivyo, maana ukikosa utadhani umekataliwa naye.

Pili, soma Danieli 1 polepole kuliko tunavyoisoma. Danieli alikuwa mwanafunzi. Amechukuliwa mbali na kwao, yupo kwenye mafunzo ya miaka mitatu, amepewa jina jipya, lugha mpya na vitabu vya Wakaldayo. Hayo yote aliyapokea. Akaweka mpaka kwenye chakula cha mfalme. Angalia alivyouweka. Alimwendea Ashpenazi, mkuu wa matowashi, akaomba. Hakupiga kelele bwenini. Ashpenazi akakataa, na sababu yake ilikuwa ya kibinadamu: mfalme akiwaona mmekonda, kichwa changu kitakwenda. Danieli hakumwita adui wa Mungu. Akashuka ngazi moja, akamwendea msimamizi mdogo aliyekuwa anawaletea chakula, akampa pendekezo lenye mwisho: utujaribu siku 10, kisha tazama nyuso zetu, utende kama utakavyoona. Yaani alibeba tatizo la yule bwana akalitafutia njia.

Kwa hiyo mlango wa kwanza kufungwa si mwisho. Nenda ngazi nyingine, kwa maandishi, na pendekezo: mtihani siku nyingine, au wewe ukae chini ya uangalizi tangu asubuhi na uufanye jua likizama. Usiwaambie wanatesa kanisa. Kwa sasa ni ratiba, na yule aliyekujibu vibaya alikuwa mtu mmoja asiye na adabu.

Tatu, ikishindikana kabisa, uamuzi ni wako na sitakuamulia nikiwa nyuma ya simu. Katika 1 Wamakabayo 2 watu wapatao 1,000 walikimbilia mapangoni wakashambuliwa siku ya Sabato, wakakataa hata kuziba mlango kwa mawe, wakafa wote na wake zao na watoto. Matathia, kuhani aliyeanzisha uasi dhidi ya Antioko, na wenzake waliposikia waliwalilia sana, kisha wakaamua kwamba wao wakishambuliwa Sabato watapigana. Hawakuwaita wale waliokufa wajinga, wala wao hawakuitwa waasi. Nani atakayekuhukumu?

Jirani wa Nabugoye

Nasoma kutoka Mbale, Uganda. Mmetaja Sabato na Wayahudi, na mimi nimekua karibu na Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa hapa kwetu. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi aliyewatumikia Waingereza kisha akaachana nao. Alizisoma amri za Musa katika Biblia, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Ufuasi huo ulianzia kwenye kusoma hayahaya mnayojadili.

Idi Amin alipotawala, tangu 1971, ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wakabaki mia chache walioshika Sabato kwa siri ndani ya nyumba zao. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, jioni yake ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza mwaka ule. Walioingia walikuwa JWTZ pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, kwa hiyo ninyi Watanzania mna sehemu yenu katika hadithi hii hata kama hamkuijua.

Ninachotaka kusema ni juu ya wale walioondoka. Wengine walirudi baadaye, wengine hawakurudi, na wote ni ndugu wa damu wanaozikana. Ukikaa kijijini huwezi kuwagawa watu kuwa mashujaa na wasaliti kama mhubiri aliyepita njia.

Mwana wa Ukerewe

Jirani wa Nabugoye, umenipa la kufikiri. Mleta uzi, nimekubali kwamba nilimhukumu Uria haraka. Swali langu la mwisho: wengi wetu hatuteswi. Mimi nina duka langu, Jumapili nafunga, hakuna anayeniuliza. Katika habari hizi zote sisi ni nani?

Kisima cha Malkiya

Kaka, wapo wengi. Anza na Elnathani, yule aliyetumwa Misri kumleta Uria auawe. Anatokea tena Yeremia 36. Ni mwezi wa tisa wa kalenda ya Kiyahudi, wakati wa baridi, mfalme amekaa mbele ya moto. Mjumbe aitwaye Yehudi anamsomea gombo la Yeremia. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linaisha. Watu watatu wanamsihi asichome, na mmoja wao ni Elnathani mwana wa Akbori. Hakusikilizwa. Kilichompata moyoni kati ya sura ya 26 na ya 36 hatuambiwi, lakini mtu aliyekwenda kumkamata nabii mmoja alikuja kusimama mbele ya mfalme yuleyule kutetea maneno ya nabii mwingine.

Na yupo Ebedmeleki, sura ya 38, Mkushi, Mwafrika aliyetumika katika nyumba ya mfalme Sedekia. Yeremia ametumbukizwa katika kisima cha Malkiya, hakuna maji ndani, ni matope, naye anazama. Ebedmeleki anakwenda kwa mfalme akiwa ameketi langoni mbele za watu, anasema waziwazi kwamba watu hawa wametenda vibaya. Anapewa watu 30. Kabla ya kwenda kisimani anapita kwanza chini ya ghala, anachukua matambaa na nguo kuukuu, anayateremsha kwa kamba na kumwambia Yeremia: yaweke kwapani, chini ya kamba. Alijua mtu aliyekonda akivutwa kutoka kwenye matope kwa kamba tupu, ngozi itachubuka. Nabii alitolewa na mtu aliyefikiria kwapa lake.

Mzee wa Baraza

Mimi ni mzee wa kanisa la Wasabato, nasoma kimya tangu jana. Tausi, nitumie ujumbe binafsi leo hii. Tuna mfano wa barua ambayo tumekuwa tukiwaandikia wakuu wa vyuo kwa ajili ya vijana wetu, na inataja wazi pendekezo kama hilo la kukaa chini ya uangalizi mpaka jua lizame. Nipe jina la somo, tarehe na saa ya mtihani, nitaiandaa kesho asubuhi. Ukitaka tutakwenda wote kuiwasilisha, usiende peke yako.